Singo ya kurejea: namba moja hurudi mara ya pili?

Mwimbaji aliyewahi kutawala chati akinyamaza miaka kadhaa, kisha akatangaza singo mpya, mabishano huanza hata kabla haijasikika: atarudi pale alipokuwa? Mimi nasema inawezekana. Ila sababu inayotajwa zaidi, ukubwa wa jina, ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Wenye matumaini wana mfano wa Adele. Mwaka 2015 alirudi na Hello, ikakaa namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 10. Akapotea tena, na mwaka 2021 Easy on Me nayo ikapata wiki 10 kileleni. Cher alikuwa na miaka 52 wakati Believe ilipofika namba moja Marekani mwaka 1999, robo karne baada ya namba moja yake iliyotangulia.

Lakini mtazame Katy Perry. Albamu yake Teenage Dream ya 2010 ilitoa nyimbo 5 za namba moja, jambo ambalo kabla yake aliliweza Michael Jackson tu. Julai 2024 akaachia Woman's World, ikaishia namba 63. Jina lilikuwa lile lile. Wimbo ndio uliopungua: kwangu ulisikika kama kitu kilichobaki kabatini tangu enzi zake za zamani, na hilo linaniuma, maana sauti ile ilistahili zaidi.

Chati yenyewe inaeleza mengi. Hot 100 hujumlisha mauzo, redio na usikilizwaji mtandaoni. Mashabiki wa damu wanaweza kuinunua singo usiku ule ule na kuirudia mpaka asubuhi, na hamu yao ikaipandisha wiki ya kwanza. Redio hawaiamui wao. Kuanzia wiki ya tatu, kura iko kwa msikilizaji asiyemjua wala kumkumbuka msanii, anayetaka tu kuusikia wimbo tena.

Ndiyo maana naona tunahukumu mapema mno. Mariah Carey, baada ya pigo la Glitter, filamu na albamu yake ya mwaka 2001, alianza kampeni yake ya 2005 na It's Like That. Ikakomea namba 16, na aliyepiga hesabu siku hiyo angesema amekwisha. Singo iliyofuata, We Belong Together, ilikaa kileleni wiki 14.