Muungwana ni nani, na nani aliachwa nje?

Juzi kwenye daladala ya kutoka Kisesa kwenda Mwanza mjini, kijana mmoja alimpisha mama aliyepanda Igoma na beseni la dagaa. Mama akaketi, akalipakata beseni, akasema, "Asante baba, wewe muungwana." Kutoka kiti cha nyuma mzee mmoja akadakia: "Muungwana maana yake si mtumwa. Sasa sisi tuliobaki tumekaa ni watumwa wa nani?" Watu wakacheka, lakini mzee alikuwa na hoja.

Huko pwani neno hili halikuanza na adabu. Muungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye ukoo unaotajika. Kinyume chake ni mtumwa. Kusema taratibu na kutunza ahadi vilihesabiwa kuwa mambo ya mtu huru, ndipo tabia ikabebeshwa jina la cheo. Tanganyika ilipofuta utumwa kisheria mwaka 1922, cheo kilikufa, jina likabaki kwa tabia. (Wapo wanaolivuta kwenye "ng'wana" la Kisukuma, yaani mtoto. Masikioni linakaa, ila wingi ni waungwana, kwa hiyo shina ni -ungwana, na ng'wana hana pa kukaa.)

Wapo wanaotaka neno hili liachwe, nao wana ushahidi hapa hapa ziwani. Februari 1875 Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alifika Kageye, upande wa Magu, na msafara wa watu wa Unguja na pwani. Wapagazi na askari wa misafara ya namna hiyo walijiita waungwana. Na kwao kinyume cha muungwana hakikuwa mtumwa peke yake. Alikuwepo pia mshenzi, yaani mtu wa bara, yaani babu zetu. Ukimsifu kijana wa Kisesa kwa jina hilo, unampima kwa kipimo kilichomtupa nje babu yake. Hoja hii inauma, na sina jibu la kuimaliza.

Lakini watazame tena hao waliojiita. Wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, au walioachwa huru. Wenye nasaba wa pwani wasingewakubali kamwe. Jina walijitwalia wenyewe, kwa mzigo walioubeba na njia walizozijua, hata Kiswahili chao kule Kongo mashariki kikaitwa Kingwana. Neno lilipofika kwetu, basi, lilikwisha kuwatoka wenye ukoo. Kwangu hilo ni zito kuliko tusi lililoandamana nalo. Ule msemo wa "muungwana ni vitendo" unamfaa mpagazi kuliko bwana wake.

Wanaopendekeza tuseme mstaarabu hawajatupeleka mbali: shina lake la Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu. Jentomani nalo linanukia suti.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tumelifanya neno la wanaume. Halina jinsia, na pwani mwanamke aliyezaliwa huru alikuwa muungwana vilevile. Leo msichana akisimama kumpisha mtu, huambiwa tu "Mungu akubariki, binti."

Tulipofika Nyakato yule mzee akainuka na fimbo yake, akatazama njia ilivyojaa magunia na magoti ya watu. "Waungwana," akasema, "nipisheni nishuke."