Fumbo au mbio: hadithi ya uhalifu ianzie wapi?

"Aliingia chumbani, akatia komeo, akazima taa. Asubuhi mwenye nyumba alikutwa amekufa."

Nani aliingia, mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuficha jambo hilo hilo hana budi kuzungukazunguka, maana kiwakilishi cha nafsi ya tatu kinamfichulia jinsia palepale. Sisi tuna kiambishi kimoja tu, a-, kinachomfunika muuaji gubigubi tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji asihisi kwamba kuna kitu amefichwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu hadithi nyingi za uhalifu ninazosoma kwa Kiswahili siku hizi, hasa zinazotolewa sehemu kwa sehemu kwenye simu, zimeelemea upande mmoja. Ni mbio tupu: magari, bastola, majasusi, mrembo anayegeuka adui. Fumbo, ile hadithi inayomkabidhi msomaji maiti na ushahidi kisha ikamwambia "haya, mtafute mwenyewe", limekuwa adimu. Na ilhali sisi tulianza na fumbo.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikachapishwa 1960. Mtu anakutwa ameuawa mzimuni. Bwana Msa, mpelelezi wa kisa hicho, na kiko chake mdomoni, hatafuti pepo, anatafuta mkono wa binadamu. Ronald Knox, padre Mwingereza, aliorodhesha mwaka 1929 amri kumi za hadithi ya upelelezi, na mojawapo inakataza kabisa fumbo kufumbuliwa kwa nguvu zisizo za kawaida. Kule Uingereza hiyo ilikuwa kanuni ya mchezo, ili msomaji asidhulumiwe. Mahali ambapo mzimu una heshima yake na watu hupita kando wakishusha sauti, kanuni ile ile inakuwa kiini cha kisa chenyewe. Huo ndio uhodari wa Abdulla ninaoupenda kuliko yote: alichukua umbo la kigeni akalipa kazi ambayo kwao halikuwa nayo.

Anayeandika fumbo huanzia mwisho. Sharti ajue nani aliua, kwa nini, na kwa njia gani, kabla hajaandika sentensi ya kwanza, kisha arudi nyuma kupanda dalili moja moja. Chukua kisa hiki. Fundi ameteremshwa kisimani kuzoa tope, kamba ikamwachia, akafa. Jirani anaeleza: "Kamba ilikatika." Kurasa arobaini baadaye, akisimulia habari nyingine kabisa, anasema: "Hiyo ilikuwa kabla kamba haijakatwa." Ameteleza. Katika na katwa, herufi chache tu, lakini moja ni ajali na nyingine ni mauaji. Msomaji makini ameinasa, mwenye haraka amepita, na mwisho hana la kulalamika kwa sababu neno lilikuwa mbele ya macho yake. Dalili ya namna hiyo haikopwi kwa mtu, imo ndani ya sarufi yetu.

Mbio nazo si kazi ya mzaha. Mwandishi Elvis Musiba alipomleta jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Makaburu na wakoloni wa Kireno walikuwa maadui wa kweli, tena jirani. Msomaji hakuhitaji kuuliza "nani?", aliuliza "je, atawahi?" Mwandishi wa aina hii huanza na saa na barabara. Akimtoa mtu Kariakoo saa kumi na moja jioni akamfikisha Mbezi kwa dakika kumi, msomaji wa Dar atakifunga kitabu.

Wanaoitetea njia hiyo wana hoja nzito. Raymond Chandler, mwandishi wa Marekani, aliandika insha mwaka 1944 akilaumu mafumbo ambamo watu huuawa ili tu maiti ipatikane, na wahusika hawana damu. Nakubaliana naye: fumbo bovu ni hesabu iliyovalishwa nguo. Kisha kuna hoja ya kwetu wenyewe. Mauaji mengi ya mashamba na mirathi hayana siri yoyote, kwani kabla matanga hayajaanuliwa mtaa mzima unamjua aliyefanya. Swali la watu ni kwa nini hajakamatwa. Hadithi inayohangaika na "nani?" mahali kama hapo inaweza kuonekana imekwepa jambo lenyewe.

Soko nalo linavuta huko huko. Hadithi inayouzwa kwa sehemu inataka kila sehemu iishie pabaya, na kinachoandikwa usiku huu kinasomwa kesho. Niliwahi kujaribu fumbo kwa mtindo huo. Sehemu ya tisa msomaji akaniuliza: ufunguo wa stoo uliokuwa kwa mpishi umefikaje kwa shemeji? Sikuwa na jibu, na sehemu ya tatu ilikuwa imeshasambaa, hairekebishiki. Nikatunga nakala ya ufunguo. Waliokuwa wakinifuatilia walijua nimewadanganya, na jambo hilo liliniuma kuliko kukosa wanunuzi. Tangu hapo siamini kwamba fumbo linaweza kutolewa kabla halijakamilika lote.

Hata hivyo siikubali hoja kwamba fumbo halina la kusema pale muuaji anapojulikana. Kinachohamia ni swali tu, kutoka mkono uliotenda hadi mkono uliofunika. Mwandishi wa mbio angempeleka shujaa wake avunje mlango wa mkubwa fulani, na tungefurahi jioni moja. Mwandishi wa fumbo angetuketisha na jalada la kesi, karatasi kwa karatasi. Tungemkuta jirani yule yule wa kisimani, safari hii ni mkweli, na alisema tangu siku ya kwanza, mbele ya watu wawili, kwamba kamba ilikatwa. Askari aliyeandika maelezo yake, kwa mwandiko mzuri uliotulia, aliandika kwamba ilikatika. Jirani hajui kusoma. Chini ya ukurasa kuna alama ya dole gumba lake.