Zimeni spika kidogo tuwasikie watu

Jumamosi iliyopita nilienda kusikiliza nyimbo za asili za Kiingereza, kijiji kimoja huku Sussex, kusini mwa Uingereza, ndani ya kanisa la mawe la zamani sana, na tangu siku hiyo sijatulia, ngoja niseme ya moyoni. Hamna gitaa, hamna kinanda, hata maiki hamna. Watu watano wamesimama mbele na makoti yao maana Oktoba hii baridi imeshaanza, wanaimba kavukavu, na sauti inapanda mpaka kwenye mbao za paa.

Wimbo wa pili alianzisha mama mmoja mtu mzima. Akafumba macho, akaweka kiganja sikioni ili ajisikie mwenyewe, akaanza, mstari mmoja tu akaona ameushika juu mno, akanyamaza. Akameza mate. Akaanza upya chini kidogo na hapo ndo nikasikia ile pumzi anayovuta kabla ya neno la kwanza, yaani niliisikia nikiwa benchi la sita! Kiitikio kilipofika kanisa zima likaitikia, wazee wawili pembeni yangu wakashuka besi bila kuambiwa na mtu, hamna karatasi, hamna mwalimu wa kwaya anayepunga mkono.

Huku Sussex mambo haya yana wenyewe. Pale Rottingdean, karibu na bahari, ukoo wa Copper wameimba vizazi na vizazi, watu wa mashamba na kondoo, sauti mbili tu, ya juu na besi. Mwaka 1898 mama anaitwa Kate Lee alikuja akaandika nyimbo za James Copper, ambaye watu walimwita Brasser, na ndugu yake Thomas, na mwaka huohuo chama cha nyimbo za asili, Folk-Song Society, kikaanzishwa, ndugu hao wakapewa uanachama wa heshima. Walistahili kabisa. Nyimbo zilikuwa kwa James, msimamizi wa shamba, na Thomas, mwenye baa, wasomi walikuja kuchota. 1903 ikawa hivyohivyo Somerset, mkoa mwingine huku, mwalimu wa muziki Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani, John England, akiimba kazini.

Sasa, kuna kwaya moja nyumbani niliimba nayo miaka sita, mazoezi mpaka saa tatu usiku, sauti nne zimepangika vizuri kabisa, halafu Jumapili fundi mitambo anafungulia kinanda na biti za kompyuta mpaka hujui alto ni nani na tenor ni nani, waumini wamekaa wanatazama tu. Iliniuma wakati ule na bado inaniuma. Sisemi vyombo vitupwe, harusini tucheze, ila angalau wimbo mmoja kila ibada tuuimbe kavu. Mtasema makanisa yetu mengi ni ya bati, mvua ikinyesha humsikii hata mchungaji, sawa, lakini kuta nene za mawe tunazo pia, nendeni pale kanisa kuu la Anglikana Mkunazini, Zanzibar, muimbe kiitikio kimoja tu muone. Mawe yanarudisha sauti taratibu, waimbaji wanapata muda wa kusikilizana, na wewe uliyekaa unaona kuna nafasi yako ya kuingia. Spika ikishajaza kila kona unaingilia wapi?

Kilichonikera ni makofi. Wimbo wa baharia aliyezama umeisha, mwangwi bado uko juu kule, watu wanaanza kupiga makofi. Tungekaa kimya hata sekunde tano jamani.

Nilirekodi kiitikio kimoja, kama nusu dakika hivi, nikamtumia dada yangu Moshi ambaye ni alto toka sekondari. Kwanza akauliza, mbona hamna kinanda? Kimya. Baada ya saa nzima ikaingia voisi yake, Kiingereza cha wale wazee hakukishika vizuri ila ameweka sauti ya tatu katikati ya zile mbili, na jikoni kwake nyuma nasikia watoto nao wameshaanza kuitikia.