Saint Helena, kisiwa kisicho na kaskazi

Ukitaja Saint Helena utajibiwa jina moja tu: Napoleon. Alifungwa huko kuanzia 1815 hadi alipofariki 1821, na tangu hapo kisiwa kizima kimegeuzwa nyongeza ya kaburi lake. Mimi naona anayetaka kukielewa aanze na upepo.

Sisi wa pwani tumezoea upepo wa zamu, kaskazi ikileta majahazi na kusi ikiyarudisha, kwa sababu bara la Asia hupata joto na kupoa kwa kupokezana. Saint Helena iko peke yake Atlantiki ya kusini, nyuzi 16 kusini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Angola. Hakuna bara la karibu la kuugeuza upepo. Kusi Januari, kusi Julai.

Ndiyo maana merikebu za Waingereza zilizotoka India zilipita hapo kuchukua maji na mboga, lakini zile zilizokwenda India hazikupita: zilijitupa magharibi hadi karibu na Brazili kukwepa upepo wa mbele. Nahodha alikuja na upepo mgongoni, akakizunguka kisiwa hadi demani, upande uliokingwa na upepo, akatia nanga mbele ya Jamestown, mji mkuu. Akipitiliza, ajue ana kazi ya kubisha, yaani kurudi kwa mshazari dhidi ya upepo.

Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba 122, watu 4,400 hivi. Unguja ingekimeza zaidi ya mara kumi. Ila kimesimama wima, kilele kikipita mita 800. Upepo wa bahari ukipigwa na milima hiyo hupanda, hupoa na kuwa ukungu, kisha hushuka upande wa pili ukiwa mkavu. Jamestown, iliyobanwa bondeni, haipati zaidi ya kama milimita 200 za mvua kwa mwaka, na mawe yake yanaunguza. Panda kwa gari dakika ishirini uone watu wamevaa sweta. Ukitaka kwa miguu, anza na ngazi ya Jacob's Ladder: vidato 699, kila kimoja kina kimo cha karibu sentimita 28. Magoti ndiyo yatakayolalamika, hasa wakati wa kushuka.

Ukungu huo ni maji, ila unahitaji wa kuukamata. Kazi hiyo ilifanywa na msitu wa juu, mijimea ya jamii ya kangaga mirefu kama miti, yenye kushika matone. Mbuzi walioletwa na Wareno karne ya 16 walikula miche. Kisha kuanzia 1907 matuta yakapandwa mmea wa nyuzi kutoka New Zealand, unaofanyiwa kazi kama mkonge. Posta ya Uingereza ilikuwa mnunuzi mkubwa wa kamba zake. Ilipohamia nyuzi za viwandani, mwaka 1966 kinu cha mwisho kikafungwa. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa zaidi. Mmea wenyewe haukufungwa. Bado umetanda milimani.

Sasa uwanja wa ndege. Ulijengwa upande wa mashariki, joshini kabisa, yaani upepo unakotokea, kwenye tambarare inayoishia kwenye majabali. Bonde lilijazwa karibu mita za ujazo milioni 8 za mawe na udongo. Ufunguzi uliopangwa Mei 2016 ukaahirishwa, kwani ndege ikija kutoka kaskazini hukutana na upepo unaobadili kasi na mwelekeo ghafla karibu na ardhi. Abiria wa kwanza wa safari za kawaida walitua Oktoba 14, 2017, kwa ndege ndogo kuliko iliyokusudiwa, tena isiyojazwa viti vyote. Anayekwenda leo aweke siku za akiba. Hali ikichafuka, ndege hugeuza.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili halikuwa siri. Mwaka 1836 Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe, alisimama huko kwenye ukingo wa jabali kubwa. Hewa ilikuwa shwari, huku hatua chache mbele yake ndege wa baharini wakipigana na upepo mkali. Akanyoosha mkono nje ya ukingo, upepo ukaupiga kwa nguvu zake zote. Ukuta usioonekana, upana wake yadi mbili. Mkono mmoja tu ulitosha kuonyesha tatizo.

Upepo huo uliwafaa pia wafungaji, maana nani atatoroka dhidi yake? Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, aliletwa 1890, kisha kwa maelfu mateka wa Kiboeri, walowezi wa Afrika Kusini waliopigana na Uingereza. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyetwaa ufalme wa Zanzibar 1896 na kuangushwa kwa mizinga, alikamatwa Dar es Salaam 1916, akapelekwa Shelisheli na Saint Helena. Aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa 1927.

Walio wengi zaidi hawakuja kufungwa. Jeshi la majini la Uingereza lilipokamata meli za watumwa zilizokuwa zikielekea Brazili, liliwashusha watu hapo. Kati ya 1840 na miaka ya 1870 walifika zaidi ya 25,000. Wapatao 8,000 walizikwa kwenye bonde la Rupert's Valley. Matayarisho ya barabara ya uwanja wa ndege yalifukua mifupa ya watu 325, ikakaa ndani ya maboksi hadi 2022 ilipozikwa tena. Mwili wa Napoleon ulichukuliwa na Ufaransa mwaka huohuo wa 1840. Kaburi lake lililo tupu lina uzio, na wageni bado hupelekwa huko kwanza.