Lami Imefika, Mpangaji Ahame

Sisi wa Tandale tulikuwa na maisha yetu. Mvua ikinyesha maji yanaingia ndani bila hodi, unapandisha godoro juu ya kabati, unasubiri yaondoke. Mwenye nyumba akija kudai kodi anakuta masufuria yanaelea sebuleni, anaona haya mwenyewe: "Baba Asha, basi, ukipata utanitumia." Chumba na sebule elfu hamsini, na miaka ikapita bila kuigusa hiyo kodi. Angeanzia wapi kuipandisha? Angenyoosha kidole kwenye nini?

Ndipo ukaja mradi. DMDP, yaani mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, barabara za mitaa, mitaro na taa kwa maeneo ya uswahilini. Kwenye mkutano wa mtaa wapangaji ndio tuliopiga makofi hadi viganja vikauma. Siku shindilia linapita mbele ya mlango wetu, mwenye nyumba alisimama pembeni na kanzu yake, anatabasamu peke yake. Nikadhani anafurahia maendeleo. Kumbe anapiga hesabu!

Lami haijapoa vizuri, fundi huyo na nyundo. Ukuta wa mbele chini, geti la chuma juu, na chumba alichokuwa akilala kaka yangu mmoja mpangaji mwenzangu kikaitwa fremu. Mtaa mzima sasa ni fremu. Fremu ya vipodozi, fremu ya wakala wa kutuma pesa, fremu ya kunyolea, halafu fremu nyingine ya vipodozi inayotazamana na ile ya kwanza. Mwenye fremu anatoa laki na nusu kwa mwezi, tena miezi sita kwa mpigo, na halali humo, hafui humo, hapiki humo, choo hakijui kilipo. Nitashindanaje na mpangaji asiyetumia choo?

Mwenye nyumba akaniita kwa upole, ule upole wa kumwita mgonjwa kumpa majibu. "Baba Asha, unaona mwenyewe mji umebadilika." Nikasema naona, mzee. "Basi kuanzia mwezi ujao ni laki na ishirini." Nikamkumbusha kwamba bati lile lile linavuja pale pale. Akajibu kwamba bati halijabadilika ila mahali lilipo pamebadilika.

Nisiwe mnafiki, mitaro ni mizuri. Watoto hawachezi tena kwenye maji machafu, na gari la wagonjwa linafika mlangoni, zamani mgonjwa alibebwa mgongoni. Hilo silipingi. Nachouliza ni kwa nini bili yote inakuja chumbani kwangu.

Hata taa. Zamani nikitoka kibaruani usiku nilikuwa napita mbele ya duka la Mangi gizani, kimya, na deni langu la unga halinioni. Sasa kuna taa juu kabisa ya duka, inanimulika kama bwana harusi anaingia ukumbini, na Mangi ananisalimia kwa jina langu kamili mbele ya watu. Wa bodaboda nao! Walikuwa wanatoza buku kwa sababu barabara ni mbovu. Imetengenezwa, bado buku. Ukiuliza, eti siku hizi kuna matuta.

Na usinifikishe kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo, ambayo jina lake tu linaonyesha ni ya mwenye jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Ilianza buku kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya chini. Mita iko mlangoni kwangu, simu ya kununulia umeme ni yangu. Utaratibu unasema mwenye nyumba anirudishie. Nimemwambia. Kasema tutahesabiana. Sasa nasikia anataka kujenga ghorofa, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Yaani aote yeye, usingizi nilipie mimi.

Wakati mwingine nawaonea gere wale wazee wa Magomeni Kota. Walibomolewa, wakatangatanga karibu miaka kumi, wakachoka, lakini walikuwa na orodha. Kaya 644, zina majina, na 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yao. Mimi jina langu liko kwenye orodha gani? Wapimaji wa mradi walipopita hapa walimuuliza mwenye nyumba, wakauliza mti wa mwembe una umri gani, ndani hawakugonga. Mwembe umeandikwa. Mimi sikuandikwa.

Mama Asha akasema tuhame kabla ya Desemba. Nikampata dalali mmoja, kijana mwenye suruali ya kubana na simu tatu. Kabla ya lolote elfu kumi ya kuonyeshwa, upende usipende, na ukipanga anachukua kodi ya mwezi mzima. Akanipeleka huko nyuma ya Chanika. Tukashuka kwenye daladala, tukapanda boda, tukashuka kwenye boda, tukatembea. Nyumba nzuri, elfu arobaini, tope hadi kwenye kifundo cha mguu. Moyo ukatulia. Nikaanza kuuliza ninayotaka kujua: maji yanaingia ndani? Yanaingia. Taa za barabarani? Hakuna. Gari la taka? Halijawahi kuonekana.

"Ila wahi, bro," akasema, "maana juzi walipita jamaa wana vifaa vya kupimia barabara."

Nikamuuliza kama hana sehemu mbaya zaidi ya hapo.

Anayo. Ila huko hela ya kuonyeshwa ni elfu ishirini, kwa sababu njia haipitiki.