Potosí: Fedha Isingetoka Bila Maji

Anayeandika kuhusu Potosí, kule Bolivia, huanza na madini ya fedha. Simlaumu. Cerro Rico, mlima mwekundu ulioinamia mji, ulianza kuchimbwa mwaka 1545, na sarafu za fedha yake zilifika hadi China. Ila mimi kinachonishika zaidi ni maji.

Mji wenyewe uko takriban mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, baridi kali, mvua ya miezi michache tu. Na mawe ya mlimani yalitakiwa kusagwa yawe unga kabla ya kuchanganywa na zebaki iliyoletwa kutoka Huancavelica, Peru, ili fedha itenganishwe na mawe. Vinu vya kusagia viliendeshwa kwa maji, na maji hayakuwepo ya kutosha. Ndipo kuanzia miaka ya 1570 yakajengwa mabwawa kwenye milima ya Kari-Kari, maji ya mvua yakahifadhiwa huko na kuteremshwa kwa mifereji hadi vinuni. Jasho lilikuwa la wenyeji wa Andes. Ni haohao walioingizwa machimboni kwa zamu za lazima zilizoitwa mita (neno la Kikechua, lisichanganywe na mita za urefu), ambazo Francisco de Toledo, mtawala aliyewekwa na mfalme wa Hispania, alizipanga upya. Mwaka 1626 bwawa la San Ildefonso lilipasuka. Maji yakazoa vinu, nyumba na watu.

Kwa hiyo nikisikia urithi wa Potosí ukitajwa kama makanisa na jumba la kufulia sarafu, naona tumesifu kilichonunuliwa kwa fedha na kumsahau aliyeitoa. UNESCO angalau iliyahesabu mabwawa na mifereji ilipouorodhesha mji kuwa urithi wa dunia mwaka 1987. Mwaka 2014 ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: kilele cha mlima kinatitia, na uchimbaji unaendelea.

Wapo wanaotaka wachimbaji waondolewe. Waende wapi? Bei ya bati, madini mengine ya huko, ilipoporomoka mwaka 1985, maelfu walipoteza kazi katika migodi ya serikali, na wengi wakakimbilia vyama vya ushirika vya wachimbaji. Hadi leo wanaingia shimoni na majani ya koka shavuni, wakimwachia sigara El Tío, sanamu ya roho wanayeamini ndiye mwenye mgodi. Wakirudi nyumbani wakafungua bomba, sehemu ya maji yanayotoka bado ni ya Kari-Kari.