Mwalimu Sasa Ndiye Mtahini

Chini ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu nchini Kenya, mtahini alikuwa mtu wa mbali. Karatasi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilifika shuleni asubuhi zikilindwa na polisi, zikaondoka kwa ulinzi huohuo, na mtoto akabaki nambari tu hadi siku ya matokeo. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa upande mmoja. Mwalimu akikurudisha ubaoni mara tatu, ulijua anakupigania, kwa sababu mtihani haukutoka kwake.

Hali hiyo iliisha pamoja na KCPE ya mwisho, mwaka 2023. Kwa watoto wa mtaala wa umilisi (CBC), uliochukua nafasi ya 8-4-4, alama za kuingilia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, hupatikana hivi: asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 ni tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hizo tathmini za shuleni, Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) huleta kazi na mwongozo, lakini anayemtazama mtoto akitenda, akampa alama na kuziingiza kwenye mtandao wa Baraza ni mwalimu wake. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nafundisha sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na sijaona badiliko kubwa kuliko hili katika kazi yetu. Wazazi na wanasiasa hubishana kuhusu vitabu, madarasa na karo. Hili la mwalimu kugeuzwa mtahini silisikii likitajwa.

Nasema wazi kwamba naliunga mkono. Nilisomea kufundisha Kiswahili na Historia, na kwa Kiswahili faida yake naiona kila wiki. KCPE ya Kiswahili ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu na insha moja. Haikuwahi kumsikiliza mtoto akizungumza. Leo mwanafunzi ambaye insha zake hazina mbele wala nyuma anaweza kusimama akasimulia ngano ya nyanya yake hadi darasa zima likatulia, na uwezo huo ukapata mahali pa kuandikwa. Mtoto wa namna hiyo tulimpoteza kwa miongo mingi.

Ila kumpima mtu kwa kumtazama kunataka muda, na kunataka umjue unayempima na ulijue unalolipima. Sekondari msingi ilianza Januari 2023, Gredi ya 7 ikawekwa ndani ya shule za msingi. Masomo yaliyokuwa 14 baadaye yalipunguzwa hadi 9, lakini mwalimu wa sekondari alisomea mawili. Shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Mwalimu wa Historia alijikuta na Sayansi Jumuishi, na Kilimo, na lile somo la utangulizi wa ufundi, akisoma kitabu usiku ili asubuhi afundishe alichokisoma. Kufundisha kwa namna hiyo kunawezekana, kwa jasho. Kutahini ni jambo jingine. Mtoto anaunganisha betri, waya na balbu, taa haiwaki. Je, hajaelewa saketi, au balbu imeungua? Mwalimu wa fizikia atajua kwa kutazama mikono ya mtoto. Mimi nitaona giza tu, kisha niandike «kukaribia matarajio», yaani bado hajafika. Neno hilo litamfuata mtoto hadi siku atakapopangiwa mkondo wa sayansi au kunyimwa.

Na hapo ni kama darasa lina watoto 30. Likiwa na 60, mwalimu hawezi kumtazama kila mmoja. Anakisia.

Kuna shinikizo pia, na hili tunanong'onezana tu kwenye chumba cha walimu. Katika shule niliyowahi kufundisha, ukijaza darasa zima «kufikia matarajio» hakuna aliyekuuliza kitu. Ukiandika «mbali na matarajio» kwa watoto watano, unaitwa ofisini ueleze kwa nini unaiharibia shule jina. Mwalimu anajifunza haraka alama zipi zina amani. Sasa fikirieni wanagenzi, walimu wa mkataba wasio na ajira ya kudumu, waliobeba sehemu kubwa ya sekondari msingi: Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mkataba wa mwaka mmoja. Waligoma Mei 2024 wakidai ajira ya kudumu, na wengi wakaipata Januari 2025, lakini wanagenzi wengine wameajiriwa tangu hapo. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa na kazi anatakiwa atoe hukumu isiyompendeza bosi wake wala mzazi. Tunamwonea.

Wazazi nao wamebanwa. Mradi ambao mtoto alipaswa kuufanya mwenyewe unaletwa umechapishwa saiba, una rangi nzuri, na mtoto hawezi kueleza hatua ya kwanza. Siku hizi akili unde (AI) inaandika hata maelezo ya mradi. Simlaumu mzazi anayetoka kazini saa mbili usiku akaambiwa kesho kunahitajika kielelezo cha figo. Mimi hukubali mradi wowote, halafu namwita mtoto anieleze kwa mdomo alichofanya. Dakika tano zinatosha kujua. Lakini zidisha dakika tano kwa watoto 60, kisha kwa masomo uliyopewa, uone kama muhula una siku hizo.

Ningependa Baraza lipunguze idadi ya kazi za kupimwa, hata zikibaki chache kabisa, ili hizo chache zifanywe kwa kweli. Tume ya Huduma kwa Walimu ipeleke walimu kwa masomo yanayokosekana badala ya kujaza nafasi kwa idadi. Na kabla ya hayo kufika, kwa kuwa huenda yakachelewa, shule za zoni moja zinaweza kukubaliana: mwalimu wa fizikia wa shule jirani aje siku moja atahini watoto wangu wa sayansi, nami niende kwake nisikilize watoto wake wakizungumza Kiswahili. Sampuli za kazi zibadilishwe, zisahihishwe na asiyemjua mtoto, na alama zikitofautiana sana walimu wakae wazijadili kabla hazijaingizwa mtandaoni. Hakuna bajeti mpya inayohitajika hapo zaidi ya nauli ya bodaboda na mwalimu mkuu aliye tayari kuona «mbali na matarajio» kwenye orodha ya shule yake, akauliza mtoto huyo asaidiwe vipi.